Zamu ya Maji Eldimtu

Siku ile ilianza kwa kicheko. Kabale, mjane mwenye ng'ombe wachache na ulimi usiolala, alifika kisimani akakuta mbuzi wa jirani wamesogezwa karibu na hori. Akapaza sauti hadi waliokuwa chini majini wakamsikia.

"Galgalo! Hawa mbuzi wameolewa na nani hata wapite mbele yangu?"

Watu walicheka ndani ya kisima, na ndoo ikakaribia kumponyoka mmoja wao. Galgalo Wario hakucheka. Alinyoosha fimbo, na mbuzi wakarudishwa nyuma. Yeye ndiye aliyekuwa abba herega wetu, yaani mpanga zamu ya maji. Alikuwa pia mume wa dada yangu, na rafiki yangu tangu tulipokuwa tukichunga ndama pamoja.

Kijiji chetu cha Eldimtu kilikuwa kwenye tambarare kati ya Gotu na Merti, mbali na mto. Kiangazi kilipokaza, Ewaso Nyiro ilibaki mchanga, na sisi tukabaki na kisima. Hakikuwa na injini wala kapi. Babu zetu walikichimba kwa kina, wakachonga vituo vya kusimamia ukutani, na maji yakawa yanapanda kwa mikono. Mtu alisimama kituoni mwake, juu ya kichwa cha mwenzake. Ndoo ya ngozi, tunayoiita okole, ilirushwa kutoka mikono hii hadi mikono ile, ikiwa imejaa inapanda, ikiwa tupu inashuka, na wimbo ukiwapa watu mwendo. Kutoka majini hadi kwenye hori walihitajika watu tisa. Wanane hawakutosha, hata wangekuwa na nguvu namna gani, kwa sababu ndoo ingefika mahali pasipo na mikono.

Mimi nilikuwa maalim wa chuo. Asubuhi niliwafundisha watoto Kurani, na siku ya zamu ya ukoo wetu nilivua kanzu nikashuka kama wengine. Nilimshukuru Mungu kwa kazi zote mbili.

Sheria ya kisima ilikuwa fupi. Binadamu mwenye kiu anakunywa kwanza, ndipo anaulizwa jina. Mnyama anangoja zamu, awe wa tajiri au wa maskini, wa mwenyeji au wa mgeni. Galgalo aliwahi kumrudisha nyuma chifu mwenyewe na kondoo wake, na chifu akarudi.

Naeleza haya kwa urefu kwa sababu watu waliotuhukumu hawakutaka kuyasikiliza hata kwa ufupi.

Vita tulikuwa tumeshavionja. Katika miaka ya sitini, wakati wa vita vya shifta, waasi waliotaka kujitenga, tulikusanywa kwa nguvu ndani ya uzio, na ngamia wetu wakapigwa risasi mbele ya macho yetu. Baadaye redio ikasema vita vimeisha. Tuliinua mikono tukaomba dua. Lakini sheria za hali ya hatari zilibaki juu yetu, bunduki zilibaki porini mikononi mwa wezi wa mifugo, na askari waliokuja kwetu walikuja tayari wamekasirika. Miaka ya sabini ilikuwa inaelekea mwisho, na bado mtu wa kwetu akikutana na lori la serikali alitafuta kwanza pa kuweka mikono yake ionekane.

Basi siku ile ya kicheko, jua likiwa bado halijapanda sana, tuliona vumbi upande wa kusini.

Walikuwa wanaume wenye bunduki, wakiswaga ngamia wengi. Alama kwenye shingo za ngamia hazikuwa za koo zetu. Hapakuwa na haja ya kuuliza.

Wimbo ulikatika kisimani.

Mkubwa wao alivaa kabuti la kijeshi na viatu vya matairi. Alijua lugha yetu. "Nywesheni haraka, muondoke," alisema. "Ngamia wangu wana kiu."

Galgalo alichota maji kwenye kata akampa. Yule mtu akanywa, wenzake wakanywa.

"Nyinyi mmeshakunywa," Galgalo akasema. "Ngamia watangoja."

"Wangoje nani?"

"Wamngoje Kabale."

Mtu yule akageuka kumtazama. "Huyu mwanamke?"

"Ndiyo mimi," Kabale akajibu. "Na ng'ombe wangu wana mimba. Hawakimbizwi."

Mdomo wa bunduki ukawekwa kifuani mwa Galgalo.

Mimi nilikuwa ukingoni mwa hori. Nilianza kusoma shahada kimoyomoyo, kwa ajili yake na kwa ajili yangu.

"Ukinipiga," Galgalo akasema, "hawa walioko ndani watatoka. Utashuka wewe, na bunduki yako itakuwa wa pili, na mtahitaji wengine saba. Hesabu watu wako."

Yule mtu aliwahesabu kwa macho. Hawakutosha. Akaangalia shimo, akaangalia ngamia, kisha akatoa sauti iliyokuwa karibu na kicheko. Akaenda kukaa chini, na bunduki magotini. Mmoja wao alisimama upande wa njia ili asitoke mtu.

Wakangoja. Wezi wenye silaha waliketi vumbini nyuma ya ng'ombe wa mjane, nyuma ya mbuzi wa jirani, nyuma ya punda wa bibi mmoja kipofu. Galgalo aliiendesha zamu taratibu kuliko siku zote. Alimrudisha ndama aliyekuwa ameshakunywa, akasema hakunywa vizuri. Alipopita karibu nami alininong'oneza, "Kila wanavyokaa hapa, wenye ngamia wanakaribia."

Adhuhuri ikaingia. Niliadhini kwa sababu sikujua jambo jingine la kufanya. Wawili kati yao waliweka bunduki chini wakasimama kwenye safu nyuma yangu. Sikujua nimwambie nini Mungu kuhusu safu ile. Niliswalisha.

Zamu yao ilifika alasiri. Wakanywesha, wakaenda zao upande wa mashariki bila kumgusa mtu. Walipopotea tu machoni, Galgalo alimtuma kijana mwenye mbio kwenda kuwaarifu polisi. Kijana alikutana na malori ya askari njiani. Walimfunga mikono, wakaja naye.

Waliingia asubuhi iliyofuata. Waliruka kutoka kwenye malori kabla hayajasimama.

Tulikusanywa kisimani. Wanaume tuliketishwa juani, mikono kichwani. Mfuatilia nyayo wao alizunguka, akainama, akavunja kinyesi cha ngamia kwa vidole, akazungumza na mkubwa wake. Mkubwa yule alikuwa mtu wa makamo, amevaa sare safi. Kwa kuwa mimi nilijua Kiswahili, nilisimamishwa niwe mkalimani.

"Mwambie huyu mzee," alisema akimwonyesha Galgalo, "hii mavi inaonyesha ngamia walikaa hapa kutwa nzima. Nyinyi mliwakaribisha."

Nilitafsiri. Galgalo akajibu, nami nikarudisha kwa Kiswahili: "Anasema hawakukaribishwa. Walikuwa wanangoja zamu."

"Zamu ya nini?"

"Ya maji, afande."

"Shifta na bunduki walipanga laini? Kama watu wa posta?"

Askari wakacheka. Mtu anayechekwa na wenye bunduki hana mahali pa kuanzia maelezo. Hata hivyo nilijaribu. Nikaeleza watu tisa, nikaeleza abba herega, nikamwonyesha vituo ukutani. Nikasema huyu mzee aliwachelewesha kwa makusudi ili nyinyi muwapate. Nikasema kijana mliyemfunga alikuwa anawaletea habari.

"Na maji mliwapa au hamkuwapa?"

Nilimgeukia Galgalo nikasema kwa lugha yetu, "Shemeji, sema walitulazimisha. Bunduki ilikuwa kifuani mwako. Si uongo."

"Bunduki ilikuwepo," alisema. "Lakini hawakutulazimisha. Walingoja mpaka zamu yao. Wewe ni maalim, Huqa. Leo unataka nitoe ushahidi wa nusu?"

"Leo nataka uende nyumbani kwa dada yangu."

"Mwambie tuliwapa maji. Mwambie na yeye akiwa na kiu tutampa."

Nilitafsiri kama alivyosema. Alikuwa mtu mzima, na neno lilikuwa lake.

Kitako cha bunduki kilimpiga begani, bega la kulia.

Nilisikia mfupa.

Alipoanguka walimpiga tena palepale.

Kabale alisimama katikati ya wanawake. Aliongea Kiswahili chake cha sokoni, kibovu, lakini kila mtu alikielewa. "Afande, shifta alingoja nyuma ya ng'ombe yangu. Wewe hata salamu hujangoja!"

Mkubwa yule alimgeukia. Kisha akauliza, kwa upole kabisa, ng'ombe wake ni wapi. Mtu mmoja kwa hofu akaonyesha. Sitamtaja, na simlaumu.

Waliwapiga risasi pale pale walipokuwa wamesimama. Wale wenye mimba pia.

Halafu likatoka agizo. Kisima hiki ni cha kunyweshea maadui, kifungwe. Watakaokifunga ni wale wanaokichota.

Hivyo ndivyo mikono iliyokuwa ikipandisha maji ilivyoamrishwa kusukuma mizoga ndani yake. Tukafuatisha mawe, kisha miiba, kisha udongo. Nyama isiyochinjwa, damu, ndama ambao hawajazaliwa, vyote ndani ya maji tuliyotawadhia tangu utotoni. Nimesoma vitabu vya dini maisha yangu yote na nimewasikia masheikh wengi. Sijapata mahali ambapo adui, hata awe adui wa kweli, anafanyiwa hivyo. Na sisi hatukuwa maadui. Tulikuwa raia wenye kipande cha utambulisho mfukoni, tuliowashikilia wezi mahali pamoja kutwa nzima bila silaha yoyote isipokuwa utaratibu. Kama malori yale yangetoka nusu siku mapema, yangewakuta wameketi.

Galgalo walimrusha ndani ya lori. Bega lilikuwa limelegea kama la mtu aliyelala. Dada yangu alikimbia nyuma ya vumbi mpaka akaishiwa pumzi.

Hakupelekwa mbele ya hakimu. Hakusomewa kosa. Nilikwenda Isiolo mjini mara nyingi kumuulizia, nikapelekwa ofisi hii na ofisi ile, na kila mahali nikaambiwa yuko kwa wengine. Siku moja, misimu ya mvua ikiwa imepita na kurudi, alifunguliwa mlango akaambiwa aende. Alirudi kwa lori la ng'ombe hadi Gotu, na kutoka hapo kwa miguu. Bega lilikuwa limeunga lenyewe, vibaya. Mkono wa kulia haukupanda tena juu ya kifua.

Alikuta nini? Kijiji bila maji ni watu wanaofunga mizigo. Familia za kwanza ziliondoka wiki ileile ya askari. Waliofuata waliondoka mmojammoja, bila kuaga vizuri, kama watu wanaoona haya. Wengine walikwenda Merti. Wengi walikwenda Bulla Pesa, mtaa wa Isiolo mjini, wakapanga vyumba vya mabati, wakawa wabeba mizigo na walinzi wa maduka ya watu. Waliobaki tulikuwa tunafuata maji mbali kwa punda, na njiani wezi walikuwa wanatungoja. Chuo changu kilikuwa na watoto waliojaza uwanja. Nikafika mahali nafundisha watoto wa nyumba mbili.

Miaka ya themanini ilipoanza, Galgalo akasema, "Tufungue kisima."

Tuliomba ruhusa serikalini, nayo ikaja kwa maneno ya mdomo tu: fanyeni mkitaka. Hakuna aliyeleta koleo. Hakuna aliyesema pole.

Nilikwenda Bulla Pesa kutafuta watu. Niliwakuta niliowafundisha alifu wakiwa na vifua vipana na macho mekundu kwa usingizi. Mmoja, aliyekuwa akisimama juu ya kichwa changu kisimani, alinipokea kwa heshima, akaninunulia chai. Nikamwomba.

"Maalim," akasema, "ukiniambia nije kuswali, nitakuja. Lakini kile kisima nilikifunga kwa mikono hii. Nikikifungua, watakuja watu wengine na bunduki, tutakifunga tena. Mke wangu anauza maziwa hapa. Watoto wako shule. Nije kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili ya kwenu."

"Kwetu ni nyinyi wazee, na nyinyi mnaweza kuja hapa."

Sikumkasirikia. Hasira yangu nilijua mahali pa kuipeleka. Wachache waliahidi, na wachache zaidi wakaja.

Kuondoa miiba na mawe kulichukua kiangazi kizima. Tulipofika kwenye mifupa, Kabale alishuka mwenyewe. Alikataa wengine wawaguse ng'ombe wake. Alipanda na pembe, akashuka, akapanda na mbavu, na hakusema mzaha hata mmoja siku hiyo.

Chini yake maji yalikuwepo. Yalikuwa meusi na yananuka. Niliwaeleza watu hukumu yake: maji yaliyobadilika kwa najisi yanatolewa mpaka rangi, harufu na ladha virudi vilivyokuwa. Si ndoo chache. Ni kuchota na kumwaga, kuchota na kumwaga, hadi chemchemi ijisafishe. Kisima kingetoharika. Kilichotakiwa ni watu tisa tu.

Tulijipanga. Chini kabisa, kijana aliyewahi kufungwa mikono njiani. Juu yake wanaume wawili waliotoka Bulla Pesa. Kisha mimi. Kisha dada yangu, aliyefunga leso kiunoni, ingawa katika enzi ya baba zetu mwanamke hakushuka kisimani. Kisha wengine wawili. Kisha Kabale. Hao ni wanane.

Mahali pa tisa, pale ukingoni, palikuwa patupu. Tulikuwa tumeahidiwa mtu kutoka Merti. Tulimngoja tangu alfajiri na hakuonekana.

"Anzeni," Galgalo akasema kutoka juu. "Mimi nitapokea."

Nilimjibu hapana. Akalala kifudifudi ukingoni, akanyoosha mkono wa kushoto. Wimbo ukaanza, sauti zetu zikiwa chache na kila mmoja akijisikia peke yake. Ndoo ikapanda. Ilipita mikononi mwangu ikinuka mauti, ikapita kwa dada yangu, ikafika kwa Kabale, naye akaiinua juu ya kichwa. Galgalo aliishika kwa mkono mmoja, akaivuta, ikatoka. Nilimsikia akihema.

Ya pili ilipanda. Aliishika.

Ikamponyoka.

Okole iliyojaa ikianguka ndani ya kisima ni jiwe. Ilimkosa Kabale na wawili waliokuwa chini yake, ikampiga dada yangu kichwani, na maji machafu yakatumwagikia sote. Hakuanguka kwa sababu mimi niliyekuwa chini yake nilimkamata miguu. Damu ilimshuka machoni. Aliuliza jambo moja tu: "Mume wangu hajaanguka?"

Tulijaribu tena baada ya kumfunga kitambaa. Safari hii nilimkataza Galgalo kwa ukali, na nikasema mtu wa Merti huenda yuko karibu, tuanze tu. Ndoo ilipanda hadi mikononi mwa Kabale. Akaiinua. Juu yake hapakuwa na mtu. Alisimama vile, maji yakimdondokea usoni.

"Maalim Huqa," akaita bila kuangalia chini, "iite serikali basi. Ije ipokee ndoo."

Hakuna aliyecheka.

Aliishusha polepole kwa wawili waliokuwa chini yake, nao wakaishusha kwa dada yangu, ikarudi njia yote hadi majini, imejaa kama ilivyopanda. Tukatoka mmojammoja.

Mtu wa Merti alifika siku mbili baadaye. Lori lilikuwa limeharibika. Wakati huo wale wawili walikuwa wamesharudi kazini Bulla Pesa. Kabla ya mvua nasi tulifunga mizigo.

Nimeishi mjini tangu hapo. Nina msikiti karibu, nina wajukuu, nina chai asubuhi. Nashukuru, na sishukuru kwa ulimi tu. Wakati fulani nilikwenda ofisini kuomba tuchimbiwe kisima chenye pampu pale Eldimtu. Kijana mwenye adabu alinisikiliza, akaniambia serikali haichimbi kisima mahali pasipo na watu. Nikamuuliza anajua kwa nini hapana watu. Akasema yeye ni mgeni katika kituo hicho. Wote walionijibu kwa miaka hii walikuwa wageni katika kituo.

Galgalo alikufa katika chumba cha kupanga, Bulla Pesa, bila kuambiwa na mtu yeyote kwamba alionewa. Mpaka mwisho nilikuwa nikimkuta ameketi mlangoni na fimbo yake, anatazama watu wakisukumana kwenye mfereji wa mtaa. Kuna siku alitaka kuinuka awapange, akaketi tena.

Mimi ndiye niliyemuosha. Nimewaosha maiti wengi, na najua sunna: unaanza na upande wa kulia. Nikaushika mkono ule ili niunyooshe kama inavyotakiwa. Haukunyooka. Mfupa ulikuwa umeunga pale walipouvunja, na hata mauti, ambayo kwa muda yanalegeza kila kiungo cha mwanadamu, hayakuulegeza. Watu waliokuwa wananimiminia maji waliniambia niuache, niendelee, inatosha.

Niliwaambia wangoje. Nikauosha taratibu, mara tatu, kuanzia vidoleni mpaka begani, kisha nikaulaza ulivyotaka kulala, na tukamvika sanda juu yake hivyo hivyo, umepinda, aende nao kwa Mwenye kuhukumu kama ushahidi kamili.